Ratiba Niliyoifungia Sandukuni

Mwanangu Tusa,

Umetoka sasa hivi kwenda Majengo kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi yako, hutarudi kabla hajakulisha mara mbili. Kwa hiyo nina alasiri nzima na meza yote. Baba yako yuko uani analifunga begi lako kamba kana kwamba linapelekwa vitani. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, na ya kutochukua kiti cha nyuma kwenye basi la Arusha atakuambia yeye. Ameyaandika kwenye karatasi, nimeiona, imejaa pande mbili. Mimi nataka kukujibu swali lako la juzi.

Juzi asubuhi uliniwekea mkataba wa kazi pembeni ya kikombe changu, ukanionyesha kwa kidole kile kifungu: programu yoyote utakayoiandika ukiwa kwao ni mali ya kampuni, na maandishi yake ya ndani hutaruhusiwa kumwonyesha mtu. Ukauliza, "Mama, nisaini?" Nikacheka, nikakuambia chai inapoa. Ukanuna. Ukasema kufunga programu ni uchoyo, kwamba programu inapaswa kuwa huria, kila mtu aisome, airekebishe na kumpa mwenzake, na kwamba mimi na Mwalimu Ndahani ndio tuliokufundisha hivyo tangu utotoni.

Sikukujibu kwa sababu jibu langu lina aibu ndani yake. Wewe unamjua mama aliyekwisha kunyooka. Yule wa kabla yake hukumjua vizuri, ulikuwa mdogo.

Unakumbuka kwamba nilikuwa mwalimu wa taaluma. Pengine hukumbuki kazi hiyo ilivyokuwa. Kila Januari nilitandika karatasi za manila kwenye meza ya ofisi ya walimu, penseli mkono mmoja na ufutio mkono mwingine, nikaanza kupanga nani anafundisha nini, darasa gani, saa ngapi. Walimu ishirini na kitu, mikondo kumi na miwili. Ukimhamisha mwalimu wa Kemia kutoka Jumatatu kwenda Jumatano, anakutana na wa Jiografia mlangoni. Ukimwondoa wa Jiografia, Kiswahili kinakosa chumba. Wiki mbili nzima tulikuwa tunagombana, na wanafunzi wanaota jua nje. Mzee mmoja wa Historia alikuwa na msimamo kwamba hafundishi baada ya saa sita mchana, kwa sababu, alisema, Historia haikai vizuri kwenye joto.

Kisha mradi fulani wa wageni ukafungwa hapa mjini, na walipoondoka wakatuachia kompyuta moja na kitabu kinene cha kujifunzia kuandika programu. Ilikuwa miaka ile milango ilipofunguliwa, kila duka la Majengo lina kitu kutoka nje, shule za watu binafsi zinaota kama uyoga. Mkuu wa shule hakujua aifanyie nini ile mashine. Akaifunika kitambaa cha kudarizi. Mimi nikamwomba funguo.

Miezi minane, Tusa. Baada ya vipindi nilikaa mle ndani na kile kitabu, nikaandika mstari kwa mstari, nikafuta, nikaandika tena. Ugumu haukuwa kompyuta, ulikuwa kujua mimi mwenyewe ninafikiri nini ninapopanga ratiba. Siku ilipokubali, ilitoa ratiba nzima ya shule kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na ile mashine ya kuchapa ikapiga kelele kama cherehani mbovu mpaka walimu wakajaa mlangoni. Yule mzee wa Historia akaisoma, akakuta hana kipindi hata kimoja baada ya saa sita. Akanipa mkono.

Siku hiyohiyo Mwalimu Ndahani akanifuata. Wakati ule alikuwa mwalimu wa Fizikia tu, kijana wa hapahapa Ugogoni, mwenye mashati mawili na maswali mia.

"Mama Tusa, naomba nione ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya programu. Nione umeifundishaje."

Nikamwambia, "Ukitaka ratiba, niletee majina ya walimu na idadi ya vipindi. Nitakutolea."

"Sitaki ratiba. Nataka kuelewa."

"Basi elewa kwamba inafanya kazi."

Nilimjibu hivyo mbele ya watu, na watu wakacheka. Sikuwa na ubaya naye. Nilikuwa na woga, na nitakuambia ulitoka wapi, maana sijawahi kukuambia. Nilipoanza kazi, kabla sijahamia huku na baba yako, niliandika kwa mkono daftari zima la mazoezi ya Hisabati. Mwenzangu mmoja aliliazima kwa wiki moja. Mwaka uliofuata nilikuta mazoezi yangu yamechapwa kijitabu, yanauzwa stendi, jina lake juu. Hata kosa langu kwenye swali la arobaini na moja alilinakili vilevile. Nilipomuuliza akasema, "Dada, elimu haina mwenyewe." Neno hilo ni zuri ukilisema kuhusu mali yako. Tangu siku ile niliapa kwamba kitu changu kingine hakitaazimwa.

Kwa hiyo Ratiba, ndivyo nilivyoiita, niliifunga. Waliokuja na diski zao niliwapa ile programu iliyokwisha kupikwa, ambayo mashine inaielewa na binadamu haisomi. Maandishi yenyewe, yale ya mtu kuyasoma na kuyarekebisha, niliyaweka kwenye diski mbili, diski nikazifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chetu. Sikutengeneza nakala nyingine popote. Nakala, nilijiambia, ndiyo mwanzo wa wizi.

Na sitakudanganya, yalikuwa maisha mazuri. Shule za Bahi zilinilipa kwa mchele mpya, za Kondoa zikaleta karanga na asali. Walimu waliniita Mama Ratiba. Kwa kuwa nilikuwa nafaidika, niliitunza kazi yangu. Mtu akija na shida asubuhi, jioni ameondoka nayo imekwisha. Hakukuwa na Ratiba mbili zinazobishana. Ilikuwa moja, safi, na mwenye kuijibia ni mimi. Usimruhusu mtu akuambie kwamba kazi iliyofungwa ni lazima iwe mbaya. Ya kwangu ilikuwa nzuri.

Ikaja Januari aliyozaliwa mdogo wako.

Ulikuwa na miaka kumi, unakumbuka shangazi alivyohamia hapa na kukusuka nywele kila siku. Amba alikuja kwa upasuaji, nami nikapata homa baada yake, nikakaa hospitali wiki tatu. Na mwaka huohuo wanafunzi walikuwa wameongezeka mno, shule nyingi zikaanza kusoma kwa zamu mbili, wengine asubuhi na wengine mchana. Mimi katika kuandika nilikuwa nimeweka kikomo, vipindi arobaini kwa wiki, basi. Sikuwahi kuwaza zamu mbili. Wenye shule walipoingiza vipindi vyao vipya, Ratiba iliandika neno moja tu kwenye kioo: HAIWEZEKANI. Ikazima.

Wakaanza kunijia wodini. Wa kwanza alikuwa Sista Adela, mwalimu wa Kemia kwenye shule ya wasichana kule Kondoa, amesafiri na basi la alfajiri, vumbi mpaka kwenye nyusi. Amesimama miguuni pa kitanda, diski mkononi.

"Hongera sana, Mama. Mtoto mzuri, Mungu ambariki. Samahani, inasema haiwezekani."

Nesi akamtoa. Akarudi kwa mlango mwingine. Nilicheka mpaka mshono ukaniuma, lakini sikuwa na cha kumpa. Nilimwambia rekebisho lenyewe ni dogo, ni mstari mmoja, lakini mstari huo uko ndani na mimi niko hapa.

Siku ya pili akaja Ndahani. Hakuja na maneno ya kunikumbusha alichoniomba. Alimbeba Amba kwanza, akamtazama, kisha akasema taratibu, "Mama Tusa, niruhusu tu. Diski ziko wapi?"

Nikamwambia. Baba yako akamfungulia sanduku. Jioni wote wawili wakarudi, wamesimama kama watu walioleta habari za msiba. Diski zote mbili hazikusomeka. Joto la chumba chetu, vumbi la Dodoma, miaka minne ndani ya bati. Mistari yangu yote ya ile miezi minane ilikuwa imekufa, na hakukuwa na nakala hata moja duniani, kwa sababu mimi mwenyewe nilihakikisha.

Nililia, Tusa. Baba yako alidhani ni homa.

Shule zilirudi kwenye manila. Nyingine zilijitahidi. Kwa Sista Adela walichukua ratiba ya mwaka uliopita wakaichanachana na kuiunga, na wasichana wa kidato cha nne wakakaa karibu muhula mzima na Historia mara mbili kwa siku, huku Hisabati wakiigusa Ijumaa tu, saa ya mwisho. Matokeo yao ya Hisabati mwaka ule yalikuwa mabaya. Siwezi kusema ni kwa ajili yangu peke yangu. Lakini nimejaribu miaka yote hii kusema kwamba si kwa ajili yangu, na sijaweza.

Ndahani hakusubiri nipone. Alianza upya, tangu mstari wa kwanza, kwa kile kitabu changu kinene. Alichokitoa kilikuwa kibaya, nakuambia kama mtu aliyekiona. Kilichukua tangu asubuhi mpaka jua linazama kutoa ratiba moja, na mara moja kilimpa mlinzi vipindi sita vya Baiolojia kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watumishi. Lakini aliyachapa maandishi yake yote kwenye karatasi, akayatuma kwa mabasi, Kondoa, Bahi, Mpwapwa, kila shule iliyokuwa inatumia Ratiba yangu. Pamoja na barua: someni, mkiona kosa rekebisheni, mkirekebisha mnirudishie.

Na watu wakasoma. Sista Adela, ambaye hajawahi kuandika programu maishani, aliyapitia kwa kalamu nyekundu kama anasahihisha mtihani, akaona mahali ambapo mwalimu mmoja anaweza kuwekwa madarasa mawili kwa wakati mmoja. Mwalimu mmoja wa Bahi akaongeza zamu mbili. Mwingine akamwondoa mlinzi kwenye Baiolojia. Mwaka haukuisha, ikawa inafanya mambo ambayo yangu haikuwahi kuyafanya.

Mimi nilinuna. Kwa mwaka mzima nilipita kwenye ubao wa ofisi ya walimu, ambapo zile karatasi zilikuwa zimebandikwa, na sikugeuza shingo. Nyumbani niliziita takataka. Ulinisikia, maana siku moja ulimwambia Ndahani, alipokuja kumwona Amba, "Mama anasema kazi yako ni takataka." Alikunywa chai yake akasema, "Ni kweli, lakini inazidi kuwa nzuri." Nilitamani ardhi inimeze.

Nilizisoma siku moja ya likizo, shule haina mtu. Nilikwenda kuchukua vitabu vyangu, nikajikuta nimesimama mbele ya ubao. Nilitaka kuona tu jinsi alivyokosea. Na nilikuta alipokosea. Namna alivyowatafutia walimu nafasi ilikuwa ya kubahatisha, anajaribu, anashindwa, anarudi mwanzo, ndiyo maana ilichukua siku nzima. Mimi nilikuwa najua njia ya mkato. Diski zilikufa, lakini njia ilikuwa kichwani. Nikacheka peke yangu, na nilicheka kwa ubaya.

Kisha nikatazama juu, ukurasa wa kwanza kabisa, ambao nilikuwa nimeuruka. Mistari mitatu ya mwanzo haikuwa programu, ilikuwa maneno. Kwamba mtu wa kwanza kuiwezesha kompyuta kupanga ratiba ya shule katika mkoa huu ni Mwalimu fulani, na hapo jina langu limeandikwa lote, mpaka la babu. Kwamba kazi hii inafuata nyayo zake, na makosa yote ni ya aliyefuata.

Karatasi hizo zilikuwa zimekwenda shule zote. Mwaka mzima watu wamekuwa wakilisoma jina langu, isipokuwa mimi.

Nilikwenda kwake palepale. Alikuwa anatengeneza baiskeli mbele ya nyumba, mikono imejaa grisi. Nilimsalimu, nikamuuliza habari za baiskeli. Mwisho nikasema, "Ndahani, usianze na walimu. Anza na vyumba vilivyo vichache, maabara kwanza. Kisha walimu wa somo moja moja. Haitarudi mwanzo tena."

Akaacha baiskeli. Akafikiri, midomo inacheza. "Nyie," akasema, kwa sauti ndogo. Kisha, "Ingia, Mama Tusa. Mke wangu amepika ugali na mlenda."

"Kwanza nisamehe."

"Nitakusamehe tukishakula. Maabara kwanza, halafu?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na toka hapo wewe unayajua. Lakini kuna upande ambao hukuuona, kwa kuwa tulikuwa tunawaficha watoto uchovu wetu. Kitu cha wote kina matatizo yake. Baada ya miaka miwili kulikuwa na Ratiba tano tofauti, kila shule imeongeza lake, ya Mpwapwa haielewani na ya Kondoa. Ikiharibika, hakuna wa kumlaumu, kwa hiyo kila mtu alimlaumu Ndahani. Walimgongea mlango Jumapili. Hakuna aliyemletea mchele. Nilipokuwa nimefunga nililipwa, yeye aliyefungua alipata shukrani, na shukrani haijazi sufuria. Kuna muhula aliacha kabisa, akasema hataki kusikia neno ratiba, na sikumlaumu.

Tulikutana Kolo, upande wa Kondoa, kuyamaliza, walimu kumi na mmoja, kwenye darasa la shule ya msingi wakati wa likizo. Siku mbili tulibishana mbele ya ubao tukaipata Ratiba moja. Tukakubaliana shule zote zichangie ili mtu anayeitunza apate chochote, na mtu huyo abadilike kila mwaka. Mchana wa mwisho tukapanda kwenda kuona michoro ya kale ya miambani, Sista Adela mbele yetu wote na raba zake nyeupe. Tulipofika, mwalimu wa Mpwapwa akavuta pumzi akaanza, "Ndugu zangu, mnaona, hata hawa waliochora hapa..." Ndahani akamkatiza, "Mwalimu, leo hatufundishi." Tukakaa kivulini tukala karanga.

Sasa mkataba wako. Siwezi kukuambia usaini au usisaini. Mwenye kampuni hiyo si lazima awe mchoyo. Huenda naye aliwahi kuona kazi yake stendi na jina la mtu mwingine juu. Ana watu wa kuwalipa, na wewe ni mmoja wao, na nataka ule vizuri huko kwenye baridi. Ila ukikaa naye mezani, muulize kwa adabu: siku ukiugua, au ukifunga ofisi, waliokuamini na shule zao na hospitali zao watafungua vipi? Kama ana jibu, hata kama ni maandishi yaliyowekwa mahali salama kwa mtu wa tatu, unaweza kufanya kazi na mtu huyo. Kama atashangaa kwamba umeuliza, mtazame vizuri. Hata mimi ningeshangaa, wakati ule. Na mwulize pia kama saa zako za jioni ni zako. Kama ni zako, huna haja ya kuchagua kati ya njia zangu mbili, ile ya Mama Ratiba na ile ya Kolo. Zote mbili zilikulea.

Kuna jambo moja zaidi sijakuambia, na hili nimelikalia miaka mitano.

Ulipokuwa kidato cha pili, mwaka ambao zamu ya kuitunza Ratiba ilikuwa yangu, siku moja nilikuta mistari sita ambayo sikuiandika. Ilikuwa inaiachia nafasi Ijumaa mchana, ili walimu na wanafunzi Waislamu waende kuswali bila mtu kukosa kipindi. Sisi kumi na mmoja, Wakristo kwa Waislamu, hatukuwahi kulifikiria, kila mwaka tulilipanga kwa mkono na kwa manung'uniko. Mistari ile ilikuwa michafu kidogo, lakini ilifanya kazi. Na neno mwalimu lilikuwa limeandikwa "mwalim", mara nne. Ni mtu mmoja tu katika nyumba hii anayeliandika hivyo mpaka leo, na rafiki yake Zuhura wa jirani alikuwa na kawaida ya kulalamika hapa jikoni kwetu kuhusu Ijumaa.

Ndahani aliniuliza ni nani. Nikamwambia, mtu mmoja. Nilitaka kukuita nikusifu, kisha nikasema, ngoja aseme mwenyewe. Hukusema, nami nikazidi kungoja, na ndivyo mambo mema yanavyopotea katika nyumba. Mistari ile iko katika shule zote tulizozigawia. Sikusahihisha hata tahajia.

Lakini leo mchana, kabla sijaanza barua hii, nimepita shuleni. Nimefungua ukurasa wa kwanza, chini ya jina langu na la Ndahani na la Sista Adela, nimeliandika lako. Lote, mpaka la babu. Karatasi mpya zinaondoka na mabasi kesho, na za Kondoa zinapanda hilohilo la Arusha unalopanda wewe, kwa hiyo mtasafiri pamoja.

Baba yako ananiita nikashike ncha ya kamba.

Mama yako anayekupenda,
Mama Tusa